Ramani ya Mdidimio ni ya Nani?

Wiki chache zilizopita mwanafunzi mmoja wa uhandisi wa migodi, ambaye huhudhuria kozi yangu ya siasa ya maliasili kama somo la hiari, aliingia ofisini kwangu na karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne. Baada ya shikamoo na marahaba akaikunjua juu ya meza, juu ya mitihani ambayo nilipaswa kuwa nimeisahihisha. Ilikuwa imechorwa duara ndani ya duara, mithili ya ile mistari ya mwinuko tuliyoisoma katika jiografia ya sekondari. Ila mistari hii haikuonyesha mlima. Ilionyesha bonde ambalo bado halijakuwepo. Lilikuwa zoezi la darasani: mgodi wa kubuni, kijiji cha kubuni, na programu ya kompyuta inayokadiria ni kiasi gani ardhi ya juu itadidimia baada ya madini ya chini kuondolewa.

“Mwalimu,” akasema, “kazi hii nimepata alama nzuri. Lakini ingekuwa kijiji cha kweli, karatasi hii ingepelekwa kwa nani?”

Nilimjibu kwamba ingeambatanishwa na tathmini ya athari kwa mazingira. Jibu hilo lilikuwa sahihi, na tangu siku ile limekuwa likinisumbua kwa sababu ni la kikarani. Yeye hakuuliza karatasi hufungwa katika jalada lipi. Aliuliza ni ya nani.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu si wahandisi, wala mimi si mhandisi, kwa hiyo naomba nianze na yale niliyofundishwa na mwanafunzi wangu na vitabu vyake. Kwa namna moja ya uchimbaji, utabiri wa mdidimio si ramli. Ni elimu yenye zaidi ya nusu karne. Katika migodi ya makaa ya mawe ya mtindo uitwao ukuta mrefu, mashine hukata tabaka la makaa kwa upana wa mita mia mbili au zaidi, na nyuma yake dari huachwa iporomoke kwa makusudi. Mwamba ulio juu huinama kuelekea pale palipo na uwazi, ule ulio juu yake nao hufuata, na hatimaye uso wa nchi hushuka na kufanya umbo la sinia pana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Stanisław Knothe wa Kraków nchini Poland alionyesha kwamba umbo hilo linaweza kuelezwa kwa mchirizi ule ule wa kengele ambao wanafunzi wa takwimu wanaufahamu. Kila kipande kidogo cha makaa kinachoondolewa huchangia mdidimio kidogo juu yake na pembeni yake, na michango hiyo yote ikijumlishwa, sinia linapatikana. Wahandisi wa Upper Silesia waliipima nadharia hiyo kwa miaka mingi, barabara kwa barabara, na programu nyingi za leo zimejengwa juu ya wazo hilo hilo.

Uzuri wa fomula hiyo, na hapa nakiri kwamba nimevutiwa kuliko nilivyotarajia, ni kuwa mtu aliyemaliza kidato cha sita anaweza kuifuata kwa kalamu. Tuchukue tabaka la makaa lenye unene wa mita 2.5, katika kina cha mita 500. Dari ikiachwa iporomoke, tukichukulia kwamba asilimia 80 ya unene huo itajitokeza juu, ardhi itashuka mita 2 katikati ya sinia. Juu ya ukingo wa eneo lililochimbwa itashuka nusu yake, yaani mita 1. Athari huenea pembeni, nje ya ukingo, kwa umbali ambao katika migodi ya Poland huchukuliwa kwa kawaida kuwa nusu ya kina. Hapa ni mita 250. Gawanya mita 2 kwa mita 250, upate mwinamo mkubwa kabisa wa milimita 8 kwa kila mita. Zidisha kwa 0.6, upate kiasi ambacho ardhi yenyewe inavutwa au kubanwa: milimita 4.8 kwa kila mita. Nyumba yenye urefu wa mita 10 iliyoangukia mahali pabaya pa sinia itakuwa na upande mmoja uliozama sentimita 8 kuliko mwingine. Na ikiangukia pale ardhi inapovutwa zaidi, ardhi chini ya msingi wake itarefuka kwa karibu sentimita 5. Hakuna msingi wa kawaida unaokubali kurefuka hivyo bila kupasuka.

Wapoland wanayo madaraja ya ardhi ya migodi kufuatana na namba hizo. Daraja la kwanza lina mwinamo usiozidi milimita 2.5 kwa mita. La pili 5. La tatu 10. La nne 15. Linalozidi hapo ni la tano. Mfano wetu ni daraja la tatu. Katika daraja hilo jengo lililopo lahitaji kuimarishwa, na jengo jipya lahitaji msingi uliosanifiwa kwa ajili ya mdidimio. Nanyi mtaona kuwa namba hizi hazimzungumzii mhandisi peke yake. Zinamzungumzia fundi mwashi, afisa ardhi, mthamini, hakimu, na mama mwenye nyumba ambaye mlango wake wa mbele umeanza kugoma kufunga.

Ndiyo maana nasema programu hii ni chombo cha utawala kabla ya kuwa chombo cha uhandisi. Angalia ule umbali wa pembeni. Kwa hesabu ya Kipoland tumeupata kuwa mita 250. Kitabu cha Uingereza cha wahandisi wa mdidimio, kilichotolewa na Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe mwaka 1966 na kurekebishwa mwaka 1975, kinatumia pembe ya nyuzi 35, na kwa kina hicho hicho cha mita 500 athari hufika mita 350 nje ya ukingo. Hakuna kosa hapo. Wale wa kwanza wanaweka mpaka mahali ambapo bado kunabaki mdidimio wa takriban sentimita 1; wa pili wanaufuata mpaka unapotoweka. Lakini kati ya mita 250 na mita 350 kuna ukanda wa mita 100, na ukanda huo una nyumba ndani yake. Anayechagua namba itakayoandikwa kwenye kisanduku cha programu ameamua nani ataitwa kwenye mkutano na nani hataitwa. Uamuzi huo hufanywa kwa kubonyeza kitufe, na hauonekani kuwa uamuzi.

Sasa, nchi zilizochimba zaidi zimejibuje swali la mwanafunzi wangu? Zimelijibu polepole, kwa kugombana.

Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani lina kisa ambacho nimewahi kukifundisha katika somo la sheria na siasa bila kuelewa vizuri kwamba kilihusu ardhi inayoshuka. Mwaka 1878 kampuni moja ya makaa iliuza uso wa kiwanja, ikajibakizia makaa yaliyo chini pamoja na haki ya kuyaondoa yote, naye mnunuzi akakubali kwa maandishi kubeba hatari yoyote itakayotokea. Mwaka 1921 kampuni ikawaarifu wakazi wa nyumba hiyo kwamba wachimbaji wanakaribia. Jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya kukataza uchimbaji unaozamisha makazi. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1922 Jaji Oliver Wendell Holmes, kwa niaba ya majaji wengi, akaamua kwamba sheria hiyo imekwenda mbali mno, kwa kuwa inainyang’anya kampuni mali yake bila fidia. Jaji Louis Brandeis peke yake alipinga. Jimbo likatunga sheria nyingine mwaka 1966, iliyotaka nusu ya makaa ibakizwe chini ya majengo yaliyolindwa, na mwaka 1987 mahakama ile ile, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaikubali.

Kilichonigusa katika kisa hiki ni msamiati wa mali. Sheria ya Pennsylvania inatambua vitu vitatu ambavyo vinaweza kuwa na wenyewe watatu: uso wa ardhi, madini, na haki ya uso huo kuegemezwa na kilicho chini yake. Cha tatu hicho kina jina, kina thamani, huuzwa na kununuliwa. Mtu anaweza kumiliki nyumba na bustani huku mtu mwingine akimiliki haki ya kuifanya bustani ile ishuke. Ni mpango katili kwa mtu aliyenunua uso bila kusoma maandishi madogo, ila una faida moja: kila mtu anajua kuna kitu kinachogombewa.

Mwaka 1994 jimbo hilo likarekebisha tena sheria yake. Makampuni yaliruhusiwa kuchimba chini ya nyumba nyingi ambazo awali zililindwa, kwa sharti la kutengeneza au kufidia nyumba zilizoharibika na kurudisha maji ya visima vilivyokauka; na idara ya mazingira ya jimbo ikatakiwa kutoa ripoti kila baada ya miaka mitano kuhusu athari zilizotokea. Wapo wanaoiona sheria hiyo kuwa ushindi wa makampuni, nami siwezi kuwabishia sana. Hata hivyo tazama jambo la pembeni ambalo watetezi wa haki hulisahau. Programu mojawapo maarufu ya kutabiri mdidimio nchini humo ilitengenezwa katika chuo kikuu cha Virginia Tech kwa msaada wa ofisi ya serikali kuu inayosimamia migodi ya makaa, na ofisi hiyo ikaigawa kwa wasimamizi wa majimbo. Maana yake ni kwamba afisa anayepokea ombi la kibali anaweza kukaa mezani kwake, akaingiza kina, unene na upana wa uchimbaji, na kuona kama sinia lake linafanana na sinia la mwombaji. Hana haja ya kuamini. Anakokotoa.

Uingereza ilikwenda kwa njia ya kumbukumbu. Tangu mwaka 1872 sheria yake ilitaka ramani ya mgodi wa makaa unaofungwa iwasilishwe serikalini. Leo mtu anayenunua nyumba katika wilaya yenye historia ya makaa, mwanasheria wake huomba taarifa ya kiwanja hicho kutoka kwa mamlaka ya umma, na taarifa humwambia kama kuna uchimbaji wa zamani chini yake, mashimo gani yako karibu, na kama madai ya uharibifu yamewahi kuwasilishwa. Taarifa hulipiwa, kama tunavyolipia sisi kupekua hati kwa msajili. Mimi ningetamani ingekuwa bure, lakini angalau dirisha la kuuliza lipo.

Nisieleweke kwamba huko kumekuwa peponi. Katika mji wa Bytom, kitovu chenyewe cha elimu ya Knothe, mwaka 2011 wakazi wa mtaa wa Karb walihamishwa baada ya majengo yao kupasuka kwa sababu ya uchimbaji wa makaa chini yao. Hesabu ilikuwepo na wataalamu walikuwepo. Kujua hakukuzuia, ila kulimnyima mhusika neno moja ambalo hutumika sana kwetu, neno “bahati mbaya”.

Turudi nyumbani. Tanzania ina migodi ya chini ya ardhi. Bulyanhulu umekuwa ukichimbwa hivyo tangu mwanzoni mwa karne hii, na mradi wa nikeli wa Kabanga wilayani Ngara umepangwa uwe wa namna hiyo. Dhahabu ya mshipa mwembamba uliosimama haifanani na tabaka la makaa lililolala, na fomula ya Knothe haiwezi kuhamishiwa huko kama ilivyo. Kwa miamba ya aina hiyo wahandisi hutumia modeli nzito zaidi zinazogawanya mwamba katika vipande maelfu na kukokotoa kila kipande kinavyosukumana na mwenzake. Modeli hizo zinahitaji vipimo vya nguvu ya mwamba, nyufa zake na maji yaliyomo. Kadiri modeli inavyokuwa na visanduku vingi vya kujaza, ndivyo mtu wa nje anavyopata shida kuona ni kisanduku kipi kilichoamua jibu. Na namba zilizopimwa Silesia zikiingizwa katika mwamba wa Kagera, hapo wahenga wangetukumbusha habari ya nguo ya kuazima.

Sheria zetu zinasema nini? Ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndivyo zinavyosema Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999. Madini nayo, kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, yako chini ya dola. Mwanakijiji ana haki ya kutumia uso. Mwekezaji ana leseni ya kilicho chini. Basi nauliza, kwa lugha ya Pennsylvania: ile haki ya tatu, haki ya uso kuegemezwa, kwetu iko mikononi mwa nani? Wanasheria wataniambia kwamba swali hili halijipangi hivyo katika mfumo wetu, nami nakubali. Lakini nyumba hupasuka kwa namna ile ile bila kujali mfumo.

Ukisoma kanuni za uthamini wa ardhi kwa ajili ya fidia za mwaka 2001 utakuta orodha ambayo kila afisa ardhi anaijua kwa moyo: thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi, hasara ya faida. Ni orodha ya mtu anayeondoka. Inamtazamia mwananchi ambaye ardhi yake imetwaliwa, anayefunga virago na kwenda kuanza upya mahali pengine. Mwananchi ambaye ardhi yake haikutwaliwa, ambaye amebaki pale pale na shamba lake na mbuzi wake, huku sakafu ikiinama milimita 8 kwa mita, hana mahali pake katika orodha hiyo. Hakupoteza hata hatua moja ya kiwanja. Amepoteza usawa wake.

Mtu huyo akienda kulalamika, mara nyingi hukutana na jibu ambalo ni gumu kulivunja: nyumba za udongo hupasuka zenyewe. Na ni kweli, hupasuka. Mvua, mchwa, msingi mfupi, tofali lililochomwa nusu, sababu hazikosekani. Hapo ndipo utabiri uliofichwa unapogeuka kuwa silaha ya upande mmoja. Mgodi unajua mwaka gani ukuta wa uchimbaji utapita chini ya kitongoji gani. Mwenye nyumba hajui, kwa hiyo hakupiga picha za kuta zake kabla, hakumwita mwenyekiti wa kijiji kushuhudia, hakuomba alama ya kupimia usawa iwekwe uani kwake. Akija na ufa baada ya miaka mitatu, ana ufa tu. Na madaraja yale ya Kipoland yalitokana na majengo yenye kuta za mji wa viwanda, hayakufikiria nyumba ya tofali za udongo. Kwa maoni yangu nyumba ya aina hiyo itaumia mapema zaidi kuliko jedwali linavyosema, na mthamini anayelitumia jedwali bila kulipima upya atakuwa amemdhulumu mtu kwa kutumia kitabu kizuri.

Kuna pia mahali ambapo programu haina msaada kabisa. Huko Kolwezi, kusini mashariki mwa Kongo, kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili cha Katanga, mtaa wa Kasulo uligeuka machimbo baada ya mwaka 2014, pale mkazi mmoja alipokuta madini yenye kobalti akichimba kwenye kiwanja chake. Majirani wakaanza kuchimba uani, kisha ndani ya vyumba vyao, mahandaki yakapita chini ya nyumba za watu wengine na chini ya njia. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa uzio na wakazi wakahamishwa. Programu ya mdidimio hula ramani ya mahandaki. Isipokuwepo ramani, hakuna kitu cha kukokotoa, na tajiri wa programu ghali anakuwa sawa na maskini asiye nayo. Nawaomba wanaosimamia wachimbaji wadogo katika nchi zetu walifikirie hili kwa upande wa kumbukumbu: shimo lililoachwa bila kuchorwa leo ni kiwanja kitakachouzwa kwa mwalimu mstaafu baada ya miaka thelathini.

Nikitafuta mfano wa gharama ya kutotazama, naukuta Maceió, mji wa pwani kaskazini mashariki mwa Brazili. Chumvi ilichimbwa chini ya mji tangu miaka ya 1970 kwa kuyeyushwa na maji, yakabaki mapango makubwa chini ya mitaa. Mwezi Machi 2018 ardhi ikatetemeka, nyumba na barabara za mtaa wa Pinheiro zikapasuka. Mwaka 2019 taasisi ya jiolojia ya serikali ikahitimisha kwamba chanzo ni uchimbaji wa chumvi wa kampuni ya Braskem. Takriban watu 60,000 wakaondoka katika makazi yao, na Desemba 2023 pango mojawapo likaporomoka chini ya rasi ya Mundaú. Kinachoumiza ni kwamba watafiti waliporudi nyuma na kuchambua picha za rada za setilaiti za miaka iliyopita, waliona ardhi ya pale ilikuwa ikididimia muda mrefu kabla ya mtetemeko ule. Setilaiti zilikuwa zimepita juu ya mji mara nyingi, zikapiga picha, na picha zikahifadhiwa.

Linganisha na Kiruna, kaskazini mwa Sweden, ambako kampuni ya chuma ya dola, LKAB, ilitangaza mwaka 2004 kwamba uchimbaji utaufikia mji na kwamba kitovu cha mji kitabidi kihame. Kikahama, kwa mabishano na kwa machozi pia. Mwezi Agosti 2025 kanisa lao la mbao lenye uzito wa tani zaidi ya 600 lilibebwa juu ya magurudumu kwa takriban kilomita 5. Huwezi kusema watu wa Kiruna walipewa uhuru wa kukataa. Walipewa miaka.

Najua pingamizi zitakazoletwa, kwa sababu nimekwisha kuzisikia kutoka kwa maafisa ambao ni wanafunzi wangu wa zamani. La kwanza ni tegesha. Ukibandika ramani ya mdidimio kwenye ofisi ya kijiji leo, wanasema, kesho kutwa kutakuwa na mabanda mia mbili na miche ya michungwa iliyopandwa usiku. Sitalibeza pingamizi hili. Waliofanya kazi jirani na migodi ya Mara wanajua mchezo huo. Lakini tegesha hustawi pale ambapo habari ni ya wachache. Anayetegesha kwanza ni yule aliyenong’onezwa na mpimaji. Ramani ikitolewa kwa wote siku moja, pamoja na picha ya setilaiti ya siku hiyo hiyo inayoonyesha kila paa lililopo, tarehe ya kukoma inakuwa na ushahidi usiohongeka. Kuficha hakujawahi kuzuia tegesha. Kumeamua tu nani ategeshe.

La pili ni kwamba utabiri huweza kukosea na kuzua hofu. Ni kweli huweza kukosea. Hata katika makaa yaliyolala vizuri, ardhi hutofautiana na hesabu. Nguzo zilizoachwa katika migodi ya zamani zinaweza kusimama miaka hamsini kisha zikaanguka bila kutuma barua. Kwa sababu hiyo hiyo utabiri unapaswa kutolewa ukiwa na kiwango chake cha chini na cha juu, na kisha upimwe hadharani dhidi ya kilichotokea. Kosa linalojulikana husahihishwa. Hofu ninayoijua mimi vijijini haitokani na namba. Inatokana na kuona magari ya upimaji yakipita siku tatu mfululizo bila mtu yeyote kushuka na kusalimia.

Na hapa nawaelekea wanafunzi, kwa kuwa malalamiko bila kazi ya mikono hayatufikishi popote. Tangu mwaka 2014 setilaiti za Ulaya za Sentinel-1 zimekuwa zikipiga picha za rada, na picha hizo hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti, pamoja na programu ya bure ya kuzichambua. Kwa kulinganisha picha za tarehe mbalimbali, mtu aliyefunzwa anaweza kugundua ardhi iliyoshuka kwa milimita chache. Kuna vikwazo: mimea mingi huvuruga kipimo, na sehemu zetu za kijani zitasumbua kuliko jangwa. Lakini mapaa ya bati na miamba tupu hujibu rada vizuri, na vijiji vilivyo jirani na migodi vina mapaa mengi ya bati. Idara ya jiografia na idara ya uhandisi zikikaa meza moja, chuo chochote cha umma kinaweza kuweka kumbukumbu ya usawa wa ardhi kabla ya mgodi mpya kuanza. Kumbukumbu hiyo itakuwa na thamani zaidi siku ambayo haijahitajika bado.

Kwa watumishi wa umma nina ombi jembamba zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu uhuru wa kupata taarifa za mazingira, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaweka utaratibu wa kuomba. Kenya nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka huo huo. Ramani ya mdidimio isichukuliwe kuwa siri ya kibiashara. Kina cha dhahabu na wingi wake vinaweza kuwa siri. Kiasi ambacho sakafu ya mtu itainama hakiwezi. Tume ya Madini na Baraza la Mazingira wanapopokea utabiri, wadai pia faili lenye namba zilizoingizwa, ili mhandisi wao auendeshe upya. Picha peke yake haikokotoleki.

Mwanafunzi wangu alirudi juzi. Ameacha mgodi wa kubuni, sasa anataka kupima kijiji cha kweli kwa picha za rada, kabla mtambo haujafika. Alitaka kujua barua ya utambulisho tuiandike kwa nani. Nikaanza kuandika, kama kawaida, kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia kwa nani, nakala kwa nani. Akaniomba jina la kwanza liwe la mwenyekiti wa kijiji, na nakala ndiyo iende kwa mkurugenzi. Msajili wa chuo ameirudisha mara moja kwa ajili ya mpangilio huo. Tumeipeleka tena kama ilivyokuwa.